Kuhakiki mfumo kwa sehemu: jinsi ya kuiachia algoriti itafute sharti

Anayetengeneza programu ya kituo cha kununulia karafuu hapa Pemba hukumbana na kosa ambalo halionekani akiitazama sehemu moja moja. Programu ya mizani, ikijaribiwa peke yake, hufanya kazi sawasawa, na programu ya dirisha la malipo nayo, ikijaribiwa peke yake, haina ila. Lakini zikiunganishwa kwa mtandao unaokatika kila mvua ya vuli inaposhuka, hutokea mkulima akalipwa mara mbili kwa gunia moja, au mwengine akaambiwa asubiri ilhali karafuu yake imeshamwagwa ghalani. Kosa la namna hii hutokana na mpangilio wa matukio, si na tukio moja, na mipangilio ni mingi kuliko subira ya mtu anayejaribu kwa mkono. Mwongozo huu unaeleza njia ya kulitafuta kosa hilo, au kuthibitisha kwamba halipo, bila ya kuuchunguza mfumo mzima kwa mkupuo mmoja. Msomaji anatarajiwa awe anajua otomata yenye hali za kikomo ni kitu gani (mashine ya kufikirika yenye hali chache zinazohesabika, inayohama hali kwa kila tendo), na aweze kuandika programu fupi kwa lugha aipendayo. Kituo ninachokitumia hapa ni cha kubuni.

Kwa nini kwa sehemu

Uhakiki wa kimodeli ni kuiamuru kompyuta ipitie kila hali ambayo mfumo unaweza kuifikia, na kuangalia kama miongoni mwa hizo imo hali ya kosa. Edmund Clarke, Allen Emerson na Joseph Sifakis walitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 2007 kwa kazi yao katika njia hii, na uzuri wake ni kwamba haibahatishi: ikisema kosa halimo, basi ndani ya kielelezo ulichoipa kosa halimo. Ubaya wake ni hesabu. Sehemu kumi zenye hali kumi kila moja, zikiendeshwa pamoja, zinaweza kuzaa hadi hali 10,000,000,000, kwa sababu kila sehemu inayoongezwa huzidisha, haijumlishi. Wenye fani huuita mripuko wa hali.

Kimbilio ni kugawa. Kanuni ya kugawa, ambayo mizizi yake imo katika kazi za Cliff Jones na Amir Pnueli za miaka ya 1980, ina hatua mbili tu. Tuseme M1 na M2 ni sehemu mbili za mfumo, P ni sifa tunayoitaka, na A ni sharti, yaani dhana ya M1 kuhusu mwenendo wa mazingira yake. Kwanza unaonesha kwamba M1, ikiwekwa katika mazingira yoyote yanayotimiza A, haiivunji P. Pili unaonesha kwamba M2 yenyewe, bila ya kusaidiwa na chochote, inatimiza A. Yakithibitika hayo mawili, M1 na M2 zikiendeshwa pamoja haziwezi kuivunja P, na hapana mahali ulipolazimika kuziunganisha.

Ugumu wote umo katika A. Sharti likiwa legevu mno, hatua ya kwanza inaanguka. Likiwa kali mno, M2 inashindwa kulitimiza na hatua ya pili inaanguka. Zamani sharti liliandikwa kwa mkono na mtu anayezijua vyema pande zote mbili, na mtu huyo mara nyingi ameshahamia kazi nyengine. Mwaka 2003 Jamieson Cobleigh, Dimitra Giannakopoulou na Corina Păsăreanu walionesha kwamba kazi hiyo inaweza kufanywa na algoriti ya kujifunza otomata iitwayo L*, ambayo Dana Angluin aliichapisha mwaka 1987. Yanayofuata hapa ni njia hiyo, hatua kwa hatua, juu ya mizani na keshia wetu, yaani ile programu ya dirisha la malipo.

Kuandika vielelezo

Anza kwa kalamu na karatasi, wala usiguse kompyuta mpaka michoro ikubaliwe na mtu anayeijua kazi ya kituoni. Katika mfano wetu kuna matendo manne: pima, ambapo gunia huwekwa mizanini na uzito ukaandikwa, tuma, ambapo mizani hupeleka stakabadhi kwa keshia, lipa, ambapo keshia hutoa fedha, na jibu, ambapo keshia huirudishia mizani habari kwamba amemaliza. M1 ni mizani, na M2 ni keshia:

Mizani: 0 —pima→ 1, 1 —tuma→ 2, 2 —tuma→ 2, 2 —jibu→ 0.
Keshia: a —tuma→ b, b —tuma→ b, b —lipa→ c, c —tuma→ c, c —jibu→ a.

Mpito wa kuutazama kwa makini ni ule wa mizani kutoka hali ya 2 kurudi hali ya 2. Mtandao ukikatika, mizani haijui kama stakabadhi imefika, kwa hiyo huituma tena, na tena. Keshia naye ameandikwa ili stakabadhi iliyorudiwa aipokee na asifanye kitu, iwe bado hajalipa au ameshalipa.

Sifa P inataka pima na lipa zipokezane, pima ikitangulia: p0 —pima→ p1, p1 —lipa→ p0. Lipa ikitokea katika p0, au pima ikitokea katika p1, tunaingia hali ya kosa. Kwa lugha ya kituoni: hapana malipo bila ya kupima, hapana malipo mara mbili, na hapana gunia la pili kabla ya la kwanza kulipwa.

Katika kuziendesha sehemu pamoja, tendo lililomo katika alfabeti (orodha ya matendo) za pande mbili hutokea kwa pamoja au halitokei kabisa, na tendo la upande mmoja hutokea bila ya kumngoja mwengine. Hivyo mizani haizuii lipa, kwa kuwa haiijui; anayeiona lipa ni keshia na P.

Sasa chagua alfabeti ya sharti. Ni matendo ya M2 ambayo yamo pia ama katika M1 ama katika P, na hapa ni matatu: tuma, jibu na lipa. Wanaoanza husahau lipa kwa kuwa haimo katika mizani, wakaishia na sharti ambalo haliwezi kabisa kusema lolote kuhusu fedha. Pima haimo katika alfabeti hii. Ni tendo la ndani, na linaweza kutokea wakati wowote mizani itakapo.

Mwalimu na mwanafunzi

L* ni mazungumzo. Mwanafunzi anaijua alfabeti tu. Mwalimu anaijua lugha inayotafutwa, yaani seti ya mifuatano inayoruhusiwa, na hujibu maswali ya aina mbili. Katika swali la uanachama mwanafunzi hutaja mfuatano, kwa mfano «tuma jibu», akauliza kama umo au haumo. Katika swali la usawa huonesha otomata aliyoibuni na kuuliza kama ndiyo yenyewe. Mwalimu hukubali, ama hutoa mfano kinzani, yaani mfuatano unaoonesha kwamba otomata hiyo siyo. Kwa upande wetu mwalimu si mtu, ni programu ya uhakiki, na hilo ndilo lililoifanya njia hii ijiendeshe yenyewe.

Swali la uanachama huandikwa hivi. Weka seti ya jozi, kila jozi ikiwa hali ya mizani na hali ya P, na uanze na jozi moja (0, p0). Kabla ya kila herufi ya mfuatano, na baada ya herufi ya mwisho, panua seti kwa matendo ya ndani, yaani pima. Kwa kila herufi, ihamishe kila jozi inayoweza kuhama na uiache isiyoweza. Ukigusa hali ya kosa wakati wowote, jibu ni 0. Mfuatano ukiisha salama, jibu ni 1. Seti ikibaki tupu katikati ya njia, jibu ni 1 vilevile, maana yake mizani yenyewe imeuzuia mwenendo huo na hapana dhara linaloweza kutokea.

Tuufuate mfuatano «tuma jibu». Tunaanza na (0, p0). Pima inaongeza (1, p1). Herufi tuma inatupeleka (2, p1), kwani jozi ya kwanza haiwezi kutuma. Herufi jibu inatupeleka (0, p1): mizani iko huru, lakini P bado inasubiri malipo. Tunapanua kwa pima, na pima katika p1 ni kosa. Jibu ni 0. Keshia akijibu bila ya kulipa, gunia la pili linapanda mizanini na mwenye gunia la kwanza amesimama na stakabadhi mkononi.

Majibu huhifadhiwa katika jedwali. Safu mlalo ni vianzio, safu wima ni vimalizio, na kila chumba kina jibu la kianzio kikifuatiwa na kimalizio. Kila safu mlalo ya aina yake inasimama badala ya hali moja ya otomata. Jedwali limefungika ikiwa kila kianzio kilichomo, kikiongezwa herufi moja, kinatoa safu inayofanana na mojawapo ya zilizomo. Isipofanana, kianzio hicho kirefu nacho kinaingizwa jedwalini.

Mzunguko wa kwanza una kimalizio kimoja, mfuatano mtupu. Mfuatano mtupu ni 1, tuma ni 1, jibu ni 1, na lipa ni 0, kwa kuwa keshia anaweza kulipa kabla ya gunia kupimwa. Jedwali linafungika kwa safu mbili, na sharti linalotoka ni la kitoto: «usilipe kamwe». Mpe mwalimu, naye katika hatua ya kwanza atarudisha pima, tuma, jibu, pima. Ondoa matendo ya ndani, ubaki na «tuma jibu».

Hapa pana uamuzi wa kiufundi. Angluin alikiingiza kila kianzio cha mfano kinzani jedwalini, na jedwali likanenepa. Ronald Rivest na Robert Schapire, mwaka 1993, walionesha kwamba kimalizio kimoja kinatosha: kata kipande cha mbele cha mfano kinzani, mahali pake weka mwakilishi (kianzio cha jedwalini) wa hali ambayo otomata yako inafikia, uliza uanachama, kisha urefushe kipande mpaka jibu ligeuke. Papo hapo ndipo penye kimalizio cha kuongeza. Nashauri njia hii bila ya kusita. Kwa «tuma jibu», jibu la mwalimu linageuka tukikata tuma, hivyo kimalizio kipya ni tendo «jibu».

Mzunguko wa pili unatenganisha tuma na mfuatano mtupu, na sharti jipya linasema: baada ya tuma, usijibu mpaka ulipe. Linaonekana la busara, na mtu anayeandika kwa mkono angeishia hapo. Mwalimu anarudisha «tuma lipa tuma lipa». Mizani imetuma, keshia amelipa, jibu halijafika, mizani imetuma tena, na sharti letu linamruhusu keshia alipe mara ya pili kwa gunia lile lile. Kimalizio kinachotoka ni «tuma lipa», na jedwali linafungika hivi (safu zinazojirudia nimeziacha):

Kianzio | tupu | jibu | tuma lipa
tupu | 1 | 1 | 1
lipa | 0 | 0 | 0
tuma | 1 | 0 | 1
tuma lipa | 1 | 1 | 0

Safu yenye sufuri tupu ni hali ya kosa. Nyengine tatu ndizo hali za sharti: kabla ya kutumiwa, kabla ya kulipa, na baada ya kulipa. Katika hali ya kwanza tuma inapeleka ya pili, jibu inabakisha pale pale, na lipa ni marufuku. Katika ya pili tuma inabakisha, lipa inapeleka ya tatu, na jibu ni marufuku. Katika ya tatu tuma inabakisha, jibu inarudisha ya kwanza, na lipa ni marufuku. Hatua ya kwanza ya kanuni inapita. Hatua ya pili nayo inapita, kwani kila mwenendo wa keshia tuliyemchora umo ndani ya sharti. P imethibitika, na hatukuiunganisha mizani na keshia hata mara moja.

Kumbuka kwamba L* haikufika kwenye sharti legevu kuliko yote. Hilo lina hali moja zaidi: jibu ikitangulia mwanzoni kabisa, mizani inaizuia, kwa hiyo kila kinachofuata kingeruhusiwa. Mazungumzo yalikatika mapema kwa sababu sharti dogo lilitosha, na kwa mtu mwenye kumbukumbu ndogo ya kompyuta hiyo ni neema. Likibidi kufikiwa, litafikiwa: ikiwa otomata ndogo kabisa ya lugha inayotafutwa ina hali n, mwanafunzi hatabuni vibaya zaidi ya mara n−1, na maswali ya uanachama, mahali jibu linapogeuka pakitafutwa kwa kukata nusu kwa nusu, yatakuwa ya kiwango cha kn² + n log m, k ikiwa ukubwa wa alfabeti na m urefu wa mfano kinzani mrefu kuliko yote.

Hatua ya pili inapoanguka

Hatua ya kwanza ikianguka, sharti ni legevu na mfano kinzani unarudi kwa mwanafunzi moja kwa moja. Hatua ya pili ikianguka, usikimbilie kutangaza kosa. M2 imeonesha mwenendo ambao sharti halikuuruhusu, lakini huenda sharti ndilo lililokuwa kali mno. Uchukue mwenendo huo, ubakishe matendo ya alfabeti ya sharti, na uliza uanachama. Jibu likiwa 1, mwenendo haudhuru. Mrudishie mwanafunzi alegeze. Hayo yangetokea kama keshia wetu angekuwa na mazoea ya kufungua siku kwa jibu la majaribio likifuatiwa na lipa: sharti letu linakataa «jibu lipa», ila swali la uanachama linarudisha 1, kwa kuwa mizani haipokei jibu kabla ya kutuma. Jibu likiwa 0, kosa ni la kweli, na mwenendo ulionao ni ushahidi wake.

Tahadhari za kazini

Njia hii, kama nilivyoieleza, inahusu sifa za usalama tu, yaani sifa zinazokataza jambo baya lisitokee. Haisemi kwamba jambo jema litatokea. Keshia aliyefunga dirisha akaenda kulala anatimiza P kikamilifu, maana asiyelipa hawezi kulipa mara mbili. Kwa hiyo uhakiki wa mkwamo (sehemu kungojana bila ya mwisho), na wa kwamba mkulima hatimaye analipwa, ni kazi ya peke yake, na asiyeifanya amehakiki nusu ya kituo.

Pia usitarajie nafuu kila mara. Mwaka 2006 Cobleigh, akiwa pamoja na George Avrunin na Lori Clarke wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, walijaribu namna nyingi za kuigawa mifumo katika sehemu mbili, na katika mingi ya migawanyo hiyo hawakuipata faida ya kumbukumbu iliyotarajiwa. Kwa maoni yangu linaloamua ni mpaka. Sehemu zikiwa kubwa ndani na zikizungumza kwa matendo machache, sharti huwa dogo na kazi hulipa. Sehemu zikipashana habari kwa kila tendo, sharti hukaribia kuwa kubwa kama M2 yenyewe, na heri uuhakiki mfumo mzima. Mfano wetu ni mdogo mno kuonesha nafuu hiyo; faida yake ni kwamba unahesabika kwa kidole. Jaribu pia kubadilisha nafasi, keshia awe M1 na mizani iwe M2, kwani matokeo ya pande hizi mbili yanaweza kupishana sana. Sehemu zikiwa zaidi ya mbili, zikusanye zilizobaki kama M2, na hatua ya pili uitazame kama tatizo jipya la aina ile ile, sharti likishika nafasi ya P.

Kuhusu zana, kwa kuandika vielelezo na kuvihakiki ipo LTSA ya Jeff Magee na Jeff Kramer wa Imperial College London, ambayo watafiti wa mwaka 2003 waliitumia kama msingi wa kazi yao. Kwa upande wa L*, anayetumia Java ana LearnLib na anayetumia Python ana AALpy. Hata hivyo, mara ya kwanza andika ya kwako. Mwalimu wa uanachama niliyemweleza hapo juu hazidi mistari thelathini ya Python, na jedwali ni kamusi ya kawaida. Kwa kuwa lugha ya sharti ni ya namna ambayo mfuatano ukishakuwa mbaya hauponi tena, weka kumbukumbu ya mifuatano iliyojibiwa 0 na usiulize mirefu inayoanza nayo. Utaokoa maswali mengi.

Sharti likishapatikana, lihifadhi pamoja na programu. Programu ya keshia ikibadilishwa, huhitaji kurudia yote. Hatua ya pili peke yake inatosha, maadamu mizani haikuguswa. Tuseme mtu amerahisisha programu ya keshia, na sasa stakabadhi yoyote inayopokelewa inafungua malipo, yaani mpito wa c —tuma→ c umekuwa c —tuma→ b. Mabadiliko ni ya neno moja, na keshia akijaribiwa peke yake hapana linaloonekana. Endesha hatua ya pili, na itarudisha «tuma lipa tuma lipa». Uliza uanachama: 0. Rudisha pima mahali pake, na mwenendo kamili ni pima, tuma, lipa, tuma, lipa: gunia moja mizanini, mtandao umekatika kati ya malipo na jibu, na fedha zimetoka dirishani mara ya pili.